Kimya cha King'ora

Suruali aliyovaa Hargis Combs asubuhi ile ilikuwa ya mtu asiyemjua, imetoka kwenye rundo la misaada pale shuleni, na ilimkomea juu ya vifundo vya miguu kama mtoto aliyerefuka ghafla. Alikuwa mezani kwa Orbin Tackett, kwenye kiti cha Orbin, anakula mayai ya kuku wa Orbin, na anaongea. Tangu maji yalipomchukulia mke na nyumba kwa mpigo mmoja, Hargis alikuwa hawezi kunyamaza. Akinyamaza anayasikia tena.

"Walikizima," alisema, akigonga meza kwa uma. "Nakwambia mwanyumba, kile king'ora walikizima wenyewe. Mvua ile haikuwa ya Mungu. Mvua ya Mungu naijua, nimenyeshewa nayo tangu niko mgongoni mwa mama. Ile ilipikwa. Wameipika, wakaimwaga, halafu wakazima king'ora tusiamke. Wanataka bonde liwe tupu, wachimbe yale mawe ya betri za magari yao."

Mwanyumba, ndivyo walivyoitana, maana walioa dada wawili. Orbin alimwoa Verla, Hargis akamwoa Ocie, na tangu enzi zao za mgodi wa makaa majina yao ya kubatizwa yakawa ya kutumiwa na benki tu.

"Kula bwana, mayai yanapoa," Orbin alisema.

"Wewe hukasiriki? Wewe ndiye uliyetufumbua macho!"

Na hapo ndipo penye mwiba. Kila neno alilosema Hargis, la mvua ya kupikwa, la mawe ya betri, Orbin ndiye aliyemfundisha. Alilitamka yeye kwanza, kwenye ukumbi wa duka, na Hargis akalishika kama mtoto ashikavyo sala. Sasa lilikuwa linarudi mezani kila asubuhi pamoja na mayai. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Hargis hakulijua. Kisanduku cha king'ora hakikuzimwa na serikali. Kilikuwa kwenye banda la kuku, hatua chache kutoka mezani pale, kimefunikwa na magunia ya chakula cha kuku, na aliyekiweka ni mwenye banda.

Verla alikuwa anaosha vyombo, kawapa mgongo. Hakugeuka.

"Jumapili kanisani ni siku ya kuoshana miguu," Hargis alisema, sauti imeshuka. "Nataka nikuoshe wewe, mwanyumba. Hakuna mwingine aliyenifungulia mlango."

Orbin akasema ana kazi nje, akatoka na yai mdomoni bila kulimeza.

*

Ilianza masika, kwenye chakula cha maharage na mkate wa mahindi pale kwenye kituo cha zimamoto. Alikuja msichana wa ofisi ya hali ya hewa, Raylene Slone, mjukuu wa marehemu Estill Slone wa bonde la pili. Akatundika ramani yake, akasema hewa siku hizi ina joto kuliko enzi za babu zao, na hewa ya joto ni kama sponji kubwa, inabeba maji mengi, na siku ikikamuliwa inakamuliwa yote mahali pamoja. Akasema huko juu mlima umechunwa miti kwa ajili ya makaa, maji hayana pa kushikwa. Kwa hiyo wamefunga kisanduku darajani. Maji yakifika kwenye alama nyekundu, king'ora kitalia, usiku au mchana, na watu wakimbilie juu.

Orbin alisimama, mikono kwenye mikanda ya ovaroli.

"Binti, nisaidie mzee wako. Kama dunia ina homa, mbona maharage yangu yameungua kwa barafu mwezi wa tano?"

Watu walicheka mpaka sahani zikatikisika. Hargis alicheka akakohoa. Msichana wa watu shingo ikawa nyekundu, akaanza kukunja ramani yake. Ni Ocie peke yake aliyenyanyuka, akamkatia kipande cha keki yake ya matufaha makavu, ile ya tabaka juu ya tabaka, akamwekea mkononi.

"Usiwajali hawa mwanangu. Hawa ukiwaona wanacheka sana, ujue wameogopa."

Sasa msije mkasema Orbin ni mjinga. Hapana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na yule mzee aliumwa na nyoka wengi waliovaa shati jeupe. Waliwaambia vumbi la makaa halina neno. Daktari wa kampuni alimwekea sikio kifuani akasema ni sigara, na Orbin hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Walisema bwawa la matope ya mgodi ni imara, na wiki ile ile likapasuka. Basi kifua hicho kilipomkalisha barazani, na binti yake wa Ohio akamtumia simu ya kuangalizia picha, akakutana humo na bwana mmoja mwenye kofia anayesema kila kitu ni uongo. Ilikuwa tamu, hilo lazima lisemwe. Mtu kadanganywa maisha yake yote, halafu siku moja anaambiwa: wewe ndiye unayejua, wengine wote wamelala. Nani atakataa asali hiyo?

Yule bwana mwenye kofia akasema visanduku vyenye waya juu na taa ya kijani ndivyo vinavyofukuza mvua na kuiita vinapotaka. Akasema pia: wakikuletea ushahidi, ujue wameutengeneza. Na kiangazi kile, mvua ilipita ng'ambo ya mlima mara kwa mara wakiiona kwa macho, mahindi ya Orbin yakijikunja kama karatasi motoni. Na pale darajani taa ya kijani inakonyeza tu, inakonyeza.

Hargis ndiye aliyesema, mbele ya duka, watu wamejaa. "Goti langu lingekuwa zima ningekitoa mwenyewe. Hivi bonde hili halina mwanamume?"

"Lina goti bovu kama lako," mtu mmoja akajibu, wakacheka.

Alhamisi Orbin akabeba ngazi. Spana zake hazikuenea kwenye boliti, akapita kwa Hargis kuazima. Hargis alikuwa amekwenda kwa daktari. Ocie akamtolea spana, na kipande cha keki juu ya kiganja.

"Unatengeneza nini shemeji?"

"Kitu kidogo tu."

"Haya, irudishe, maana mwenzio anaipenda kuliko mimi."

Jumapili kabla ya mapambazuko mvua ikaja. Nyumba ya Orbin iko juu, kwenye mteremko. Ya Hargis ilikuwa chini, mlango unatazama kijito. Hargis walimkuta asubuhi ameng'ang'ania mti. Ocie walimkuta siku iliyofuata.

*

Ukumbi wa mpira wa shule ulikuwa umejaa foleni. Watu waliokuwa na nyama zao kwenye jokofu na nguo zao kabatini, leo wanapewa ndoo, fagio na dawa ya kuua ukungu, na anayegawa anawauliza mko wangapi nyumbani. Hargis aliulizwa hivyo. Akainua vidole viwili, halafu akakikunja kimoja.

"Mmoja," akasema.

Halafu akamtambua. Aliyekuwa nyuma ya meza, kaja kusaidia kugawa siku yake ya mapumziko, ni Raylene.

"Ni wewe," Hargis akasema. "Wewe wa sponji. King'ora chako kilikuwa wapi?"

Yule binti aliweka chini kopo alilokuwa ameshika. Macho yalikuwa yamevimba, hata kabla ya kuulizwa.

"Mzee Combs, kisanduku kilinyamaza Alhamisi mchana. Niliona kwenye kompyuta. Nikadhani ni betri, huwa zinakufa. Nikasema nitakuja Jumatatu." Akalisogeza lile kopo pembeni. "Ningekuja Ijumaa. Kila nikilala nasema, ningekuja Ijumaa."

"Mnamsikia?" Hargis aligeukia foleni. "Kakiri mwenyewe! Walijua tangu Alhamisi!"

"Aibu yako!" mama mmoja akapiga kelele. "Estill angekuona angerudi kaburini!"

"Wakubwa wangu wananiita wiki hii," binti akasema polepole. "Kama ni kufukuzwa, nitafukuzwa. Sisemi siyo haki."

Hargis akatema mate. Hakumtemea mwilini, alitema sakafuni karibu na kiatu cha binti, na kwa watu wa pale hiyo inatosha. Binti hakujipangusa wala hakurudi nyuma. Akaokota jozi ya glavu, akamkabidhi aliyefuata kwenye foleni, na aliyefuata alikuwa Orbin.

"Samahani sana, mzee Tackett. Najua na nyie alikuwa wenu."

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Angetamka neno moja tu. Orbin aliangalia glavu, akaangalia mate sakafuni.

"Haya," akasema.

Njia nzima ya kurudi, Hargis akihubiri ndani ya pikapu, Orbin alikuwa akilisikia lile "haya" lake. Mtu kamwomba samahani kwa kosa lake yeye, na yeye kaipokea kama anapokea chenji dukani.

*

Jumamosi mchana Hargis alishuka kwenda kuchokora matope palipokuwa nyumba yake. Kila siku alikwenda, akirudi na kijiko au kitasa cha mlango. Verla akaita kutoka jikoni.

"Mzee, njoo ukae."

Orbin alikaa. Verla akaweka mbele yake kopo dogo la ugoro, halina ugoro, lakini lilipogusa meza liligonga. Akalifungua. Ndani mlikuwa na boliti nne.

"Nilizitoa kwenye ovaroli yako siku ya kufua," Verla akasema. "Ijumaa. Kabla ya mvua."

Orbin akaigusa boliti moja kwa kidole.

"Ulijua?"

"Nilijua umefungua kitu cha watu. Sikuuliza. Baada ya maji ndio nikaenda kwenye banda nikainua magunia." Sauti yake haikupanda. "Miaka yote hii siulizi, Orbin. Unaangalia hiyo simu yako barazani, unacheka peke yako, unakasirika peke yako, siulizi. Nasema, mwache mzee na ukorofi wake, angalau hanywi. Dada yangu kafa na mimi nina boliti kwenye kopo."

"Verla..."

"Usiniite. Mimi mwenyewe nimeshajiita kila jina baya."

Kuku walikuwa wanalumbana nje. Verla akakifuta kiti cha Orbin kwa kitambaa, kile anachokalia Hargis, kama vile kina vumbi.

"Kumpa kiti chako, ni sawa. Kumpa mayai yako, ni sawa. Kesho anataka kupiga magoti mbele yako. Utamwacha apige?"

*

Kanisa la Wabatisti wa Kale pale bondeni ni chumba kimoja cha mbao. Maji yalikuwa yamefika kwenye dirisha na kuacha mstari wa udongo ukutani, na watu walikubaliana wasiufute. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Mzee Farris, kiongozi wao, alitamka mstari wa wimbo, watu wakauburura baada yake, mrefu, mzito, bila kinanda. Mkate ukaliwa, divai ikapita. Halafu yakaletwa mabeseni.

Desturi yao ni kwamba huoshi miguu ya mtu mwenye neno nawe. Kama lipo, mnalimaliza kwanza. Ndiyo maana siku hiyo watu waliogombana mwaka mzima kwa ajili ya mpaka wa shamba utawaona wamekumbatiana, wanalia.

Hargis alijifunga taulo kiunoni, akapiga magoti yake mabovu, goti moja, halafu la pili kwa shida. Akaushika mguu wa Orbin. Orbin akauvuta, maji yakaruka mpaka kwenye mstari wa udongo.

"Usiniguse, mwanyumba."

"Maji baridi?"

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"King'ora. Nilikifungua mimi, Alhamisi. Kiko kwangu, kwenye banda la kuku. Leo kiko kwenye pikapu."

Hargis alimtazama kutoka chini, akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mgonjwa.

"Mwanyumba, hujalala."

Orbin akatoka pekupeku, akarudi amekumbatia kisanduku, waya wake umepinda, kinyesi cha kuku juu. Akakiweka sakafuni kando ya beseni. Wimbo ulikuwa umekatika. Watu walisogea kutazama, halafu minong'ono ikaanza.

"Wamemfikia," mtu wa nyuma akasema.

"Orbin, wamekupa hiki lini?" Hargis akauliza kwa upole kabisa. "Wamekuja nyumbani nikiwa matopeni, eh? Wamekuahidi nini? Ama wamekutisha?"

"Hakuna aliyenipa! Nimekifungua kwa mikono hii!"

"Ndivyo watakavyotaka useme. Wewe mwenyewe ulitufundisha. Wakileta ushahidi, ujue wameutengeneza."

Orbin akakigonga kisanduku kwa kiganja. Alikuwa ameijenga nyumba ile ya maneno mwenyewe, ubao kwa ubao, na hakuiwekea mlango. Mzee Farris akaja akamwekea mkono begani.

"Ndugu Orbin ana uchungu, jamani. Shetani humbebesha mtu mzigo usio wake. Tumwombee."

Wakaja kweli, wanaume wale, wakamwekea mikono kichwani na mgongoni. Kule upande wa pili kinamama wakaanza kumlilia. Alikuja kuhukumiwa, akapewa pole. Katikati ya mikono yote ile alimtafuta Verla kwa macho. Verla alikuwa amesimama, hasali wala halii, anamngoja.

"Spana," Orbin akasema.

"Tulia, ndugu yangu."

"Hargis, nisikilize. Zangu hazikuenea. Nilikuja kwako kuazima, ile yenye utepe mwekundu kwenye mpini. Ulikuwa kwa daktari. Ocie ndiye aliyenipa. Akanikatia na keki, nikaila nikitembea. Akasema niirudishe, maana unaipenda kuliko yeye."

Mikono ikaanza kuondoka mgongoni mwa Orbin, mmoja mmoja.

Hargis alikuwa bado amepiga magoti. Uso wake ulionyesha anakumbuka jambo. Siku ile alirudi kutoka kwa daktari akakuta keki imekatwa, akalalamika, kama alivyozoea kulalamika, nani kaigusa keki kabla yangu. Na Ocie akajibu akicheka, mwanyumba wako kapita kuazima spana, mlafi wewe. Hakuna mkubwa wa serikali aliyeijua keki ile. Hakuna simu iliyoijua.

"Alisema hivyo," Hargis akanong'ona. "Alisema umeazima spana."

Akajaribu kusimama, akashindwa, akajaribu tena. Hakuna aliyethubutu kumshika.

"Nilisema mimi," akasema, sasa anaongea na beseni. "Mbele ya duka. Nilisema bonde hili halina mwanamume."

Akafungua taulo, akalikunja vizuri, kona kwa kona, akalitundika kwenye ukingo wa beseni. Halafu akapita katikati ya watu pekupeku, amevaa suruali ile fupi, akatoka nje. Maji kwenye beseni yalikuwa safi vilevile.

*

Jumatatu Orbin na Verla walikwenda mjini, kisanduku kikiwa kimekaa katikati yao kwenye pikapu kama mtoto. Orbin alisema mbele ya Raylene na wakubwa wake yote aliyoyasema kanisani, na hawa walimwamini mara moja, jambo ambalo halikumpa nafuu hata kidogo. Binti hakumlaani. Alijifunika uso, akalia, akasema "kwa hiyo haikuwa betri," akatoka nje kupata hewa. Kazi yake ilibaki. Orbin yeye anangojwa na mahakama, baada ya baridi kuanza, na wakili aliyepewa alimwambia asitegemee huruma. Akajibu hajaja kuitafuta.

Bondeni bado wapo wanaosema Orbin alinunuliwa. Kwanza walisema kapewa pikapu mpya. Pikapu haikuonekana, wakasema basi ni fedha, ziko Ohio kwa binti yake. Yule bwana mwenye kofia bado yumo kwenye simu za watu. Orbin akipita mbele ya duka, wengine wanageuka pembeni kwa sababu wanaamini alikitoa, na wengine kwa sababu hawaamini.

Hargis hakurudi kwenye kiti. Aliletewa gari la kulala la misaada, nyumba ya magurudumu, akaliegesha pale pale palipokuwa nyumba, juu ya msingi mtupu. Verla alimpelekea chakula kila jioni na kurudi na vyombo vilivyooshwa. Spana Orbin aliirudisha, kaiweka kwenye ngazi ya gari lile bila kubisha hodi.

Majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu, baridi inakaribia, Raylene akaja kufunga kisanduku upya. Orbin alimshikia ngazi. Hakuombwa, alikuja tu na lile kopo la ugoro, akampa boliti moja moja. Ya mwisho ikagoma. Spana ya serikali ilikuwa inateleza, binti anajikata vidole.

"Tutakuja kesho na nyingine," Raylene akasema kutoka juu.

"Hapana," Orbin akasema. "Usiseme kesho."

Walisikia changarawe. Hargis alikuwa anakuja na njia ya kijitoni, polepole, magoti yake yale, na mkononi ana kitu chenye utepe mwekundu. Alimpita Orbin kama mtu anavyopita nguzo. Akainua mkono, akampa binti spana. Kisha akasimama, mikono mifukoni, akasubiri.

Boliti ikakazika. Taa ya kijani ikawaka. Raylene akasema atajaribisha, msishtuke, akabonyeza.

King'ora kilipanda juu ya bonde kama ng'ombe anayechinjwa. Mbwa wote wakajibu. Kule juu Orbin alimwona Verla ametoka barazani na ungo wa maharage, akauweka chini, akashika nguzo kwa mikono miwili mpaka kilipokwisha.

Kimya kikarudi. Maji ya kijito yalikuwa madogo, hata mtoto angeyaruka. Hargis alikuwa amegeuka kutazama kule chini, kwenye msingi wake, anapima kwa macho umbali wa kutoka pale mpaka darajani. Neno lake la kwanza kwa Orbin tangu kanisani alilisema bila kumwangalia.

"Kinasikika mpaka kwangu," alisema. "Vizuri kabisa."

Akachukua spana yake, akarudi na njia ile ile.